Pikapu iliyotumika ya kuvutia trela la kambi: acha kuuliza inavuta ngapi, fungua mlango usome inabeba ngapi

Mwezi uliopita mama mmoja wa Louisville aliniandikia: "Dada, tumenunua pikapu, muuzaji katuambia inavuta tani tano. Trela letu halifiki hata tani tatu na nusu. Mbona tukilifunga tu, mkia unalala na taa za mbele zinamulika vilele vya miti?" Nikamwambia afungue mlango wa dereva, apige picha kibandiko cha manjano na nyeupe kilicho kwenye nguzo ya mlango, anitumie. Picha ikaja. Mwisho wa watu na mizigo: paundi 1,215, yaani kilo 551. Nikajua kilichompata, kwa sababu mimi kilinipata miaka mitatu iliyopita, tena nikiwa na watoto watatu kwenye kiti cha nyuma.

Huu ni ujumbe wa tatu wa namna hiyo tangu mwaka uanze, na zote tatu zimetoka kwa watu wetu: familia za Kitanzania, Kikenya na Kikongo zilizopo huku Marekani, ambazo baada ya miaka ya kukodi vyumba vya hoteli wakati wa likizo zimeamua kununua trela la kulala na pikapu ya kulivuta. Kwa hiyo naandika mara moja kwa wote.

Sisi tunaishi Columbus, Ohio. Mume wangu ni dereva wa masafa marefu, anavuta makontena, na wiki niliyonunua pikapu ile alikuwa njiani Nebraska. Nilikwenda yadi peke yangu. Ilikuwa pikapu ya milango minne, toleo la kifahari: viti vya ngozi vyenye kupooza na kupasha joto, paa la kioo tangu mbele hadi nyuma, ngazi za umeme zinazoshuka ukifungua mlango, matairi ya rimu kubwa. Muuzaji alisema inavuta paundi 11,000. Trela letu kwenye kijitabu liliandikwa 5,300. Nikaona hata nusu hatufiki, nikatia saini. Jina la pikapu hiyo silitaji, wala la yadi, kwa sababu tatizo ninalolisema lipo kwa kampuni zote.

Safari ya kwanza ndefu ilikuwa kwenda milima ya Great Smoky, Tennessee. Ohio na Kentucky tulienda salama, ingawa mume wangu alikuwa kimya kupita kawaida yake na mikono yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Ukivuka mpaka wa Kentucky na Tennessee kwa barabara ya I-75 kuna mlima wa Jellico. Kupanda tulipanda. Tulipokuwa tunashuka upande wa pili lori kubwa likatupita kushoto, upepo wake ukalisukuma trela, trela likausukuma mkia wetu, na kwa sekunde kadhaa usukani ukawa mwepesi kama umefunguliwa. Mume wangu hakukanyaga breki ya pikapu. Alibana kwa mkono breki za trela peke yake hadi likanyooka. Mtoto wa kati akauliza, "Baba, mbona tunacheza?" Hakuna aliyemjibu.

Tulitoka kwenye kituo cha malori kilichofuata. Vituo vingi vikubwa vya malori huku vina mizani, na kwa dola chache mtu yeyote anaruhusiwa kupima, hata mwenye gari dogo. Tukapanda juu tukiwa kama tulivyo, watoto ndani, friji limejaa. Nilikwenda mwenyewe dirishani kuchukua karatasi. Ekseli ya mbele paundi 3,320. Ekseli ya nyuma 4,300. Ekseli za trela 5,920. Mume wangu aliisoma akiwa amesimama pale nje, akafungua mlango wake, akaweka kidole kwenye kibandiko cha nguzoni: ekseli ya nyuma mwisho 4,100; gari zima mwisho 7,100. Jumlisha namba mbili za kwanza: 7,620. Tulikuwa tumezidi paundi 520, karibu kilo 236, na injini haikuwa imelalamika hata mara moja.

Hapo ndipo penye kosa, naomba mnisikilize vizuri. Kuvuta ni kazi ya injini na giaboksi. Kubeba ni kazi ya springi, ekseli, matairi na breki. Trela la kambi la kawaida, lile linalofungwa nyuma ya bampa, halivutwi tu, linabebwa pia. Ule mkono wake wa mbele, wenyeji wanauita ulimi, unaukandamiza mkia wa pikapu kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela. Ukipunguza chini ya hapo ili kuiokoa pikapu, trela linaanza kuyumba, kwa hiyo hapo hakuna ujanja.

Sasa zile paundi 11,000 zinatoka wapi? Kampuni kubwa za pikapu hupima kwa kanuni moja inayoitwa J2807. Toyota ilianza kuifuata kwa Tundra za 2011, wengine wakafuata taratibu. Ni kipimo cha kweli na kigumu: gari linapandishwa mteremko wa Davis Dam kule Arizona, zaidi ya maili 11 za jua kali, na lazima lishikilie mwendo. Lakini ndani ya gari kanuni inahesabu watu wawili tu, kila mmoja paundi 150, kilo 68. Watoto hawamo. Mkaa haumo, baiskeli hazimo, pipa la barafu halimo. Namba ile ni ya kweli kwa bwana na bibi wembamba wasio na mzigo.

Kibandiko cha mlangoni ndicho kinachozungumza na familia. Kimeandikwa kwa kilo na kwa paundi kwamba uzito wa watu na mizigo usizidi kiasi fulani, na kiasi hicho kimepimwa kwa gari lile lile ulilosimama mbele yake, si kwa aina yake. Mafuta ya tangi yameshahesabiwa, dereva hajahesabiwa. Kila kilichofungwa baadaye, kifuniko cha kontena la nyuma, sanduku la vifaa, ngazi za pembeni, unakitoa mwenyewe. Na hili ndilo lililonikata maini: kila anasa inayoongezwa kiwandani inakula namba hiyo. Paa la kioo lina uzito. Viti vya umeme vina uzito. Pikapu ya bei ghali kuliko ndugu yake wa kawaida mara nyingi inabeba kidogo kuliko yeye, na nilikuwa nimelipa dola elfu kadhaa zaidi kununua udhaifu.

Hesabu yake ni ya dakika tano. Usichukue uzito wa trela tupu ulio kwenye kijitabu, maana huo hauna maji, gesi, betri wala sufuria. Chukua uzito wa juu kabisa ulioandikwa ubavuni mwa trela. Letu ni 7,000. Asilimia 13 yake ni 910. Sisi watano kwa pamoja tuna 585. Kiunganishi chenye vyuma vya kusawazisha uzito, 80. Kuni, jenereta na baiskeli nyuma, 150. Jumla 1,725, kilo 782. Kibandiko cha pikapu yangu ya kifahari kilisema 1,180. Namba ilikuwa pale mlangoni siku nilipoinunua, nimepanda na kushuka kando yake mara nne.

Watu wananiambia, "Funga springi za ziada," au "weka mifuko ya upepo." Hiyo inanyanyua mkia ukaonekana sawa, basi. Ekseli ni ile ile, breki ni zile zile, na namba ya mlangoni haibadiliki. Vyuma vya kusawazisha navyo ni lazima uwe navyo, vinarudisha uzito kwenye magurudumu ya mbele na kuutuliza usukani, lakini havikupi ruhusa ya kubeba zaidi.

Sitasema habari za maili, rangi, skrini wala spika. Hayo kila mtu anayatazama mwenyewe. Nazipanga pikapu kwa kitu kimoja: je, familia ya watu watano na trela la tani tatu wanaingia ndani ya kibandiko, na je, chuma kitadumu?

Namba moja ni Ford F-150 ya 2018 hadi 2020, toleo la XLT la milango minne, na sioni aibu kusema kuwa naipenda. Tangu 2015 bodi yake ni ya alumini. Ford wenyewe walisema ilipunguza hadi paundi 700, na uzito uliotoka kwenye bodi ndio unaorudi kwenye kibandiko. XLT ya kawaida, isiyo na paa la kioo, mara nyingi utaikuta kati ya 1,600 na 1,900. Ukibahatika kupata yenye kifurushi cha mizigo mizito kutoka kiwandani, utavuka 2,000 bila shida. Tuliyonayo sasa ni ya 2018, injini ya V6 ya lita 3.5 yenye turbo mbili, kibandiko 1,874. Tumerudi Jellico nayo. Mume wangu alikuwa anaongea na simu ya masikioni muda wote.

Kuna faida nyingine kwa sisi wa Ohio. Barabara zinamwagwa chumvi miezi minne, na alumini haishiki kutu kama bati. Lakini chasisi bado ni ya chuma, kwa hiyo lala chini na tochi, gonga kwa funguo pale springi za nyuma zinaposhikiliwa. Ikigonga kwa sauti kavu, sawa. Ikidondosha magamba, ondoka.

Ugonjwa wa hiyo injini ya 3.5 ya 2017 hadi 2020 ni gia za juu zinazoendesha vali: asubuhi, injini ikiwa baridi, inatoa sauti kama kokoto zinazotikiswa kwenye kopo kwa sekunde mbili tatu, halafu inanyamaza. Matengenezo yake ni maelfu ya dola. Muuzaji anayejua huiwasha kabla hujafika. Mwambie tangu jana yake kuwa unataka kuiwasha wewe, na ukifika weka kiganja kwenye boneti kabla ya salamu nyingine. Ya moto? Rudi nyumbani. Ukiogopa turbo, chukua V8 ya lita 5.0, lakini fuatilia oili yake kila wiki, baadhi za miaka hiyo zinakunywa. Giaboksi ya gia kumi zote mbili inaweza kuwa na mishtuko gia za chini. Endesha mjini penye taa nyingi, usiishie barabara kuu. Na F-150 za 2014 zipishe: mwaka 2024 Ford iliita zaidi ya nusu milioni za mwaka huo zirudishwe kutengenezwa kwa sababu giaboksi inaweza kushuka ghafla hadi gia ya kwanza.

Namba mbili ni pikapu za daraja la juu zaidi, za injini ya petroli: Ford F-250 yenye lita 6.2, Chevrolet Silverado 2500HD ya lita 6.0, Ram 2500 ya lita 6.4. Kama trela lako likijaa linapita paundi 8,000, hapa ndipo mahali pako na usipoteze muda kwingine. Vibandiko vya 2,500 na zaidi ni vya kawaida. Ukiwa mtupu zinarusha kama matatu ya shamba, matairi yake ni ghali, na maegesho ya mjini yatakuudhi. Ndugu zetu madereva wa malori wanapenda dizeli, naelewa. Lakini injini ya dizeli yenyewe ni nzito, na uzito wake unatolewa kwenye kibandiko. Utashangaa kukuta dizeli kubwa inabeba karibu sawa na F-150 nzuri. Na mfumo wa kusafisha moshi ukifa mikononi mwako, utalipa bei ya gari dogo.

Namba tatu, na hapa najua nitagombana na nusu ya wasomaji, ni Toyota Tundra ya V8 ya lita 5.7, za 2007 hadi 2021. Sisi tumezaliwa na Toyota. Kuanzia Dar hadi Bunia, Hilux na Land Cruiser ndizo zilizotupeleka hospitali na shamba. Injini hii ni ya aina hiyo hiyo, ukiitunza itakuzika. Lakini fungua mlango. Matoleo ya kifahari ya milango mikubwa minne yanakaa karibu na 1,200, pale pale nilipoungulia mimi. Tafuta toleo la kawaida la SR5. Tangi dogo la galoni 26 ukivuta trela linakusimamisha kituoni kila baada ya maili mia mbili na kidogo. Ukipanda hadi za 2022 na 2023 zenye V6 ya turbo, hakikisha kwanza kama ni miongoni mwa zile zilizoitwa tena mwaka 2024 kwa mabaki ya chuma yaliyobaki ndani ya injini kiwandani. Na bei! Kuna yadi zinauza jina, si gari. Tundra ya maili 140,000 inaombwa pesa inayonunua F-150 ya maili 70,000, kisha muuzaji anakwambia kwa uso mkavu, "Ni Toyota hii." Watu wetu wanalipa, wanajisifu, halafu wananiandikia mkia unalala.

Chevrolet Silverado 1500 na ndugu yake GMC Sierra 1500 ni namba nne. Kubeba si mbaya, hasa zenye kifurushi kikubwa cha kuvuta trela. Kinachoniudhi ni ule mfumo unaozima baadhi ya silinda ili kuokoa mafuta kwenye lita 5.3 na 6.2, vinyanyua vali vyake vinakufa, na fundi anafungua nusu ya injini. Za lita 6.2 za 2021 hadi 2024 ziliitwa tena mwaka 2025 kwa sababu ya krankishafti na konrodi. Taka karatasi ya kazi iliyofanyika, usikubali maneno.

Ram 1500 naiweka mwisho. Ndani ni nzuri kuliko zote, na springi zake za nyuma za mviringo zinakufanya usahau kuwa ni pikapu. Springi hizo hizo ndizo zinazolala mapema, na matoleo ya kupendeza yana vibandiko vidogo mno kwa familia yenye watoto watatu. Wawili na trela dogo, sawa.

Za bei rahisi sina mengi. Toyota Tacoma na Honda Ridgeline ni magari mazuri kwa trela dogo la paundi 3,500. Ridgeline mwisho wake ni 5,000. Nissan Titan ni nafuu, ila kampuni iliacha kuitengeneza 2024. F-150 kuukuu za V8 ya lita 5.4 yenye vali tatu kwa kila silinda, usiguse.

Sasa wauzaji. Nilipokuwa natafuta ya pili niliziandikia yadi 14 ujumbe ule ule: "Naomba picha ya kibandiko cha manjano cha mlango wa dereva." Tatu zilinitumia. Mbili zilinitumia picha ya boneti. Moja ilinitumia picha 22, pamoja na mkeka wa kuwekea miguu, kibandiko hakimo. Nyingine kijana akanipigia simu kunieleza kwamba "mume wako ataelewa, mwambie inavuta 13,000." Hizo zilizobaki kimya. Haiwezekani watu wanaouza magari kila siku wasijue kibandiko kilipo. Wanajua kwamba mteja akishaisoma namba ile, gari la kifahari lenye faida kubwa halitoki.

Ukishafika kusaini, tafuta dirishani ile karatasi ya mwongozo wa mnunuzi ambayo sheria ya shirikisho inaitaka kwenye kila gari lililotumika linalouzwa yadi. Itakuambia kama kuna dhamana au unachukua kama lilivyo. Yangu ya kwanza ilikuwa "kama lilivyo", na hakuna aliyenionyesha. Kisha soma mstari kwa mstari bei ya mwisho. Nilikuta nimetozwa naitrojeni kwenye matairi, nta ya rangi, na ada ya makaratasi ambayo hata kazi yake sikuelezwa. Naitrojeni nilikataa wakaitoa. Vingine nilikubali kwa kuchoka, saa mbili usiku, mtoto mdogo amelala begani kwangu. Nenda asubuhi, nenda na mtu, na nenda na mkopo ulioupata mwenyewe kwenye chama cha akiba na mikopo, ili wasikuuzie na riba.

Na angalia matairi. Mara nyingi yadi hufunga matairi mapya ya bei ya chini kabisa, laini, ya gari la mjini, halafu wanayahesabu kama zawadi. Kibandiko hicho hicho cha mlangoni kinataja saizi na upepo wa matairi ya asili. Yasipolingana, bei ishuke.

Mama wa Louisville ameamua kubaki na pikapu yake na kubadilisha trela, wachukue dogo la paundi 4,500. Kwa asilimia 13 ulimi ni 585, nao wako wanne, watoto bado wadogo. Nimemfanyia hesabu, anaingia.

Sisi ya kwanza tuliiuza tukapoteza dola 6,400. Nilipoiweka sokoni, picha ya kwanza kabisa niliyoipandisha ilikuwa ya kile kibandiko, na chini yake nikaandika: inabeba 1,180, haifai trela kubwa. Ilikaa wiki saba. Aliyeichukua ni mzee mmoja na mkewe, wana boti ndogo ya kuvulia samaki Ziwa Erie. Alipofika alifungua mlango wa dereva, akainama, akasoma, akatoa kalamu mfukoni na kuandika namba kwenye kiganja chake.